Nafasi Chini ya Ngazi za Kwa Sikudhani

Nimebeba fumbo moja kwa miaka mingi na mpaka leo sijalifumbua. Nimewauliza wanasheria, nimewauliza madereva, nimemuuliza hata shangazi yangu, ambaye sijapata kumwona akishindwa na swali. Kila mmoja alinijibu haraka, na kila mmoja alinijibu lake. Mimi mwenyewe nikiamka asubuhi nina jibu moja, ikifika adhuhuri nina jingine. Kwa hiyo leo nalitua hapa mbele yenu. Sikilizeni mpaka mwisho, na asiamue mtu kabla sijamaliza.

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, ni siku zile mabasi yalipokuwa bado yanasimama pembeni ya barabara, palikuwa na kituo katika mji mmoja mkubwa wa pwani. Kituo hicho hakikuwa na paa wala kibao. Kilikuwa na mwanamke. Mwanamke huyo aliitwa Sikudhani, Mzaramo wa pale pale, na alikuwa akiuza chai ya tangawizi na maandazi kwenye meza moja yenye mabenchi mawili. Makondakta walihitaji neno la kuita, nao wakaita jina lake. Gari likikaribia walipiga bati na kuuliza, "Kwa Sikudhani kuna mtu?" Mwaka ukapita, ikapita kumi, na watoto waliozaliwa mtaani wakakua wakidhani hilo ni jina la mahali tangu dunia iumbwe.

Watu walikuwa wakisubiri basi pale. Sasa, mtu anayesubiri hunywa chai. Mtu anayesubiri hutazama viatu vyake akaona soli imeachia. Mtu anayesubiri hukumbuka kwamba nyumbani hakuna hata ndizi. Ndiyo maana Sikudhani hakukaa peke yake kwa muda mrefu. Alikuja fundi viatu aliyeitwa Lusajo, mtu wa Tukuyu, mkimya, mwenye sindano nyuma ya sikio kama wengine wanavyoweka kalamu. Kisha akaja Nyamizi, Mnyamwezi, akafungua mwavuli mkubwa wa rangi nyekundu na chini yake akapanga mapapai, mananasi na ndizi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo siku haikwisha bila wawili hao kuchokozana. Sikudhani alikuwa akisema kwamba babu zake Nyamizi walifika pwani na mizigo ya watu kichwani, na mpaka leo ukoo mzima haujapata pa kuitua. Nyamizi akajibu kwamba babu zake walitembea miezi mitatu kuja pwani, wakawakuta Wazaramo wamelala pale pale walipowaacha safari iliyopita. Lusajo alicheka ndani ya kiatu alichokuwa akishona.

Hivyo ndivyo walivyoishi watatu hao. Mmoja alinywesha, mmoja alishona, mmoja alilisha.

Siku moja ikaja habari kwamba barabara itapanuliwa. Katikati yake itapita njia ya mabasi marefu, yasiyoingiliwa na gari jingine, na vituo vyake vitakuwa huko huko katikati, ndani ya uzio, na watu watavifikia kwa daraja la juu. Lakini si kila kituo cha zamani kingepata kituo kipya. Wapangaji wa mji waliomba orodha ya vituo kutoka kwa madereva wa zamani. Palipokuwa na jina, waliweka alama. Pasipokuwa na jina, walipita. Kituo cha mbele, kilichoitwa tu "pale kwenye nguzo", hakikuingia. Cha nyuma, ambacho kila dereva alikiita apendavyo, hakikuingia. Kwa Sikudhani kikaingia.

Basi kituo kikaja kwa sababu ya jina. Likumbukeni hilo.

Ujenzi ukaanza. Mitambo ikachimba mtaro mpana kati ya mtaa na barabara, na mtaro huo ulikaa wazi miezi kumi na minne. Watu wakakosa pa kupita. Wengine wakaanza kuzunguka mpaka kituo cha mafuta, hatua mia nne mbele, ambako ardhi haikuchimbwa. Wateja wakapungua, kisha wakakatika. Sikudhani alikuwa na watoto watatu shuleni na mama mgonjwa nyumbani. Alibeba sufuria zake akahamia kwenye kambi ya wajenzi, upande wa pili, akawa anawapikia mafundi wa zege. Meza aliibeba. Mabenchi hayakubebeka, akayaacha.

Lusajo hakwenda popote. Alitazama mabenchi yale siku mbili. Siku ya tatu aliyabomoa, akapata mbao nne ndefu, akazilaza juu ya mtaro. Kila asubuhi kabla ya watu kutoka alizilaza. Kila jioni watu walipokwisha kurudi aliziondoa na kuzifungia uani kwake, zisiibwe zikawa kuni. Mvua iliponyesha alizimwagia mchanga zisiteleze. Wazee aliwashika mkono. Wale waliokuwa wamezoea kuzunguka hadi kituo cha mafuta walirudi, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Hakuwatoza kitu. Ni kweli kwamba mtu akivuka mtaro wa matope kila siku, viatu vyake huharibika, na fundi alikuwa amekaa pale pale upande wa pili na sindano yake. Yeye mwenyewe hakulificha hilo.

Mwezi wa nne wa ujenzi wakaja wahandisi na madaftari. Walikuwa hawajaamua ngazi za daraja zishukie wapi upande wa mtaa: pale pale, au kwenye kituo cha mafuta. Wakakaa siku tatu wakihesabu watu wanaopita. Kwenye kituo cha mafuta walihesabu wachache. Kwenye mbao za Lusajo walihesabu mpaka mmoja wao akaomba kupokewa. Wakaandika: ngazi zishukie hapa.

Basi ngazi zikaja kwa sababu ya mbao. Likumbukeni na hilo.

Ngazi hizo zilipangwa zishuke zikiwa zimebana ukuta wa ghala moja kuukuu, bila kuacha hata upenyo wa paka. Mpimaji, mzee mwenye mvi aliyeitwa Tungaraza, alipigilia kigingi cha mbao chenye ncha nyekundu mahali ambapo nguzo ya chini ingesimama, akaenda zake kupima kwingine. Nyamizi alikuwa bado anauza pale, karibu na mbao za fundi. Aliona kigingi kizuri, kimesimama imara, hakina kazi. Akakifungia kamba ya mwavuli wake.

Zilikuwa siku za masika. Upepo ulikuja mchana mmoja, ukaujaza mwavuli kama tanga, na mwavuli ukaondoka na kigingi. Nyamizi aliukimbilia, akaukamata kwenye mfereji, akarudi nao. Kigingi alikirudisha ardhini kwa kukigonga na jiwe. Alikirudisha palipokuwa laini, hatua tatu kutoka pale kilipokuwa, kwa sababu kwa macho yake mti ni mti na ardhi ni ardhi. Siku ya tatu wakaja wenye zege, wakachimba kwenye kigingi, wakasimika nguzo.

Mhandisi mkuu alipofika na karatasi zake, nguzo ilikuwa imekwisha kukauka. Akapima mara mbili, akavua kofia. Mzee Tungaraza akaitwa. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na wakamwambia ataondoka siku hiyo hiyo, bila barua ya shukrani wala kiinua mgongo, kwa uzembe. Hakujitetea. Alikaa juu ya tofali na kuanza kukunja utepe wake wa kupimia.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwona Nyamizi siku ya upepo. Angenyamaza, ingepita. Lakini alitoka chini ya mwavuli wake, akaenda mpaka kwa mhandisi na kumwambia kwamba mzee hana kosa, kigingi alikihamisha yeye, na akaeleza habari ya kamba na upepo. Mhandisi alimwuliza kama anajua anachokisema. Akasema anajua. Wakamnyang'anya mwavuli, wakamnyang'anya meza, wakampiga marufuku kukaa karibu na ujenzi hadi mwisho wake. Miezi minane, jua la kiangazi chote, aliuza akizunguka na beseni kichwani. Mzee Tungaraza alistaafu kwa heshima.

Nguzo ilionekana imara, ikaachwa. Ngazi zikajengwa hatua tatu kutoka ukutani. Na kati ya nguzo ya chini na ukuta, chini ya zile ngazi, ikabaki nafasi. Ilikuwa na kivuli mchana kutwa. Mvua haikuifikia. Ilikuwa na ukubwa wa meza moja na mtu wake, na zaidi kidogo. Katika karatasi zote za mji, nafasi hiyo haikuwepo.

Basi nafasi ikaja kwa sababu ya kigingi. Mkilikumbuka na hilo, mnayo matatu: jina, mbao, kigingi.

Siku ya uzinduzi ilikuja na ngoma zake, ikapita. Wachuuzi wote waliondolewa kando ya barabara, wakapewa soko jipya nyuma ya ghala. Lilikuwa soko zuri. Lilikuwa na vizimba vya saruji, maji ya bomba na choo. Kitu kimoja tu hakikuwemo, watu. Maana mambo yalikuwa yamebadilika kuliko macho yalivyoona. Zamani watu walisubiri basi mtaani, mbele ya chai na viatu na mapapai. Sasa walisubiri katikati ya barabara, ndani ya uzio, ambako mchuuzi haingii. Mtaani walipita tu, na walipita mbio. Mahali pamoja pekee palibaki ambapo mguu ulipunguza mwendo: chini ya ngazi. Ngazi zilikuwa sitini na mbili. Mtu akifika pale husimama kidogo, huinua macho, hukaza mkoba begani, akina mama hukunja khanga. Katika kusimama huko kudogo ndimo yalimobaki maisha ya kituo kizima.

Na hapo ndipo penye ile nafasi.

Sikudhani akaiona. Lusajo akaiona. Nyamizi akaiona. Wote watatu walifika asubuhi moja na meza zao.

Afisa wa manispaa aliyeshughulikia eneo hilo aliitwa Bwana Kapinga. Hakuwa mtu mbaya, kama ambavyo mngependa awe ili hadithi iwe rahisi. Alifuta miwani yake, akaitazama nafasi, akatazama karatasi yake, akaitazama nafasi tena. Alisema kwamba mahali ambapo hapako kwenye ramani hawezi kumgawia mtu wala kumkataza mtu. Lakini anaweza kuandika kibali kimoja, cha mtu mmoja, cha meza moja, kwa sababu watu ni wengi na njia ni nyembamba.

"Mama zangu, na wewe fundi," alisema, "mimi nitarudi Jumatatu saa tatu. Nikikuta meza moja na hakuna ugomvi, naandika jina la mwenye meza. Nikikuta mbili, au nikikuta moja na makelele, naweka wavu wa chuma, na hapo atalala paka."

Walijaribu kwanza kugawana saa. Asubuhi awe Sikudhani kwa chai, mchana Lusajo kwa viatu, jioni Nyamizi kwa matunda. Ilionekana haki. Lakini mchana mtaa ulikuwa mtupu, watu wote wako mjini, na Lusajo alikaa saa tano akitazama vumbi. Wakabadilishana, na mchana ukawa wa Nyamizi, mapapai yakamharibikia. Wakabadilishana tena, na Sikudhani akachemsha chai ikakauka. Watu walikuja kama mawimbi mawili, la kwenda kazini na la kurudi, na katikati hapakuwa na kitu. Wote watatu waliishi kwa mawimbi hayo hayo. Wakafikiria kupokezana kwa wiki, lakini kibali kilikuwa cha jina moja, na mteja wa chai akikukosa wiki mbili amekwisha kupata chai kwingine.

Ikafika Jumapili. Ikabaki siku moja.

Pale kituoni palikuwa na desturi ya tangu enzi za mabenchi. Mteja wa kwanza wa siku aliitwa mfunguzi. Hakurudishwa bila kuhudumiwa hata kama maji hayajachemka, na kama kulikuwa na ugomvi wa mahali pa kukaa, uamuzi ulingojea mfunguzi wa kesho yake. Sababu ilikuwa nyepesi: saa ile hakuwa bado mteja wa mtu. Alichosema hakikukatiwa rufaa. Wakakubaliana watatu kwamba mtu wa kwanza watakayemkuta chini ya ngazi Jumatatu alfajiri, awe nani awe nani, ndiye atakayeamua.

Walifika pamoja, ili asimtangulie mtu mwenzake. Wakamkuta mtu amekwisha kufika.

Alikuwa ameketi kwenye baiskeli mpya ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, ndani ya ile nafasi, mgongo kwa ukuta. Alikuwa Mahimbo, mpokea simu wa hospitali moja mjini, mwenye miguu isiyosimama tangu utotoni. Sikudhani alimtambua mara moja. Zamani kondakta alikuwa akimbeba kama mtu abebavyo mtoto, na baiskeli yake ya kwanza ilishinda nyuma ya meza ya chai. Akamwambia kwamba walidhani ameacha kazi.

"Kazi sijaacha, mama," alisema Mahimbo. "Ni ninyi mnaochelewa kuamka. Wabeba mizigo wa soko kuu hupita hapa alfajiri. Wawili kati yao hunipandisha ngazi sitini na mbili. Ndani ya basi jipya hakuna kipingamizi hata kimoja, sakafu iko sawa na jukwaa, ningeingia mwenyewe kwa magurudumu yangu. Tatizo ni kulifikia. Basi napandishwa mimi, na baiskeli nawaachia ukuta huu."

Watatu wakatazamana. Kila mmoja wao alikuwa ameikuta baiskeli ile pale siku za kugawana saa, na kila mmoja aliisogeza pembeni bila kuuliza ni ya nani.

Wakamweleza shauri lao. Mahimbo alisema wabeba mizigo wake bado hawajafika, kwa hiyo ana nafasi ya kusikiliza, na akataka kila mtu aseme kwa kifupi.

Sikudhani alisema, "Miaka kumi na tisa nimekaa hapa. Kituo kisingekuja bila jina, na jina ni langu, si la mwingine. Kisingekuja kituo, daraja lingetoka wapi? Ngazi zingetoka wapi? Hawa wawili walinikuta mimi, na barabara nayo imenikuta mimi. Nafasi hii ni yangu."

Lusajo alisema, "Jina lilileta kituo, sikatai. Lakini kituo kiko kule katikati, na ngazi zilikuwa zinakwenda kwenye kituo cha mafuta. Miezi kumi na minne nimelaza mbao na kuzianua. Walipokuja kuhesabu, walihesabu watu niliowavusha mimi. Zisingekuwepo mbao, leo tungekuwa tunagombania kivuli cha pampu za mafuta. Nafasi hii ni yangu."

Nyamizi alisema, "Jina lilileta kituo, mbao zilileta ngazi. Vizuri. Lakini ngazi zilikuwa zibane ukuta. Nyote wawili mngekuja na meza zenu mkakuta saruji. Hapa tunaposimama, ni mimi nimepatengeneza. Na nimepalipia, miezi minane ya jua. Nafasi hii ni yangu."

Mahimbo alimwuliza kila mmoja swali moja.

Alimwuliza Sikudhani alikuwa wapi mtaro ulipokuwa wazi. Sikudhani hakuinamisha kichwa. Alisema alikuwa kambini akiwapikia wajenzi, kwa sababu watoto hawali jina. Ila mbao, alisema, zilikuwa zake, maana zilitoka kwenye mabenchi yake.

"Zilikuwa zimelala, dada," alisema Lusajo taratibu. "Mimi nilikuwa naziamsha kila siku."

Mahimbo alimwuliza Lusajo kama angelaza mbao hizo iwapo angekuwa na kazi nyingine, isiyohitaji watu wapite. Fundi alifikiri muda mrefu, kama kawaida yake, akasema hajui, na kwamba angesema anajua angekuwa anadanganya.

Alimwuliza Nyamizi kama alipokigonga kigingi chini alijua atatengeneza nafasi. Nyamizi akasema hakujua. Alijua anarudisha kijiti cha watu. Sikudhani hakuweza kujizuia, akasema kwamba Mnyamwezi akitaka kukupa zawadi lazima kwanza akuvunjie nyumba. Nyamizi akamjibu mtani wake kwamba afadhali yeye aliyekosea akiwa macho, kuliko wengine waliopatia wakiwa wamelala. Wakacheka wote, hata Mahimbo, na kwa muda ilikuwa kama zamani, kabla ya mtaro.

Kisha wabeba mizigo wawili wakatokea kwenye kona, na Mahimbo akajua muda wake umekwisha.

"Sitasema nani kafanya jambo kubwa zaidi," alisema. "Mizani ya kupimia hayo sina. Mbao za fundi zimenivusha mimi na magurudumu yangu, sitazisahau. Na aliyosema dada huyu mbele ya mhandisi, sijui kama mimi ningeyasema. Lakini tazameni juu."

Wakatazama. Juu ya ngazi, kwenye bati la bluu, mji ulikuwa umeandika kwa herufi nyeupe: KWA SIKUDHANI.

"Mgeni akishuka hapa atauliza Sikudhani yuko wapi," alisema Mahimbo. "Sitaki aambiwe kwamba yuko nyuma ya ghala. Meza ni yake. Ila iache pembeni ya ukuta upana wa baiskeli yangu, na baiskeli asiisogeze mtu tena bila kuniuliza."

Lusajo alisema, bila hasira, kwamba mwamuzi ameamua kwa maandishi ya bati, na si kwa yaliyotendwa na watu. Mahimbo akamwambia ni kweli, ndivyo alivyoamua, na kama wangekutana Jumanne pengine angeamua vingine. Wabeba mizigo wakamwinua. Walimsikia akihesabu ngazi kwa sauti mpaka alipofika juu.

Uamuzi ukatekelezwa, na walioutekeleza ni wale waliokosa. Lusajo alikwenda uani kwake, akarudi na mbao nne, zile zile, zenye makovu ya viatu vya watu. Akaziunganisha kwa misumari yake mwenyewe, akamtengenezea Sikudhani meza iliyotoshea chini ya ngazi bila kuzidi hata kidole. Sikudhani alimshikia kila ubao. Nyamizi alipima kwa mikono upana wa baiskeli kutoka ukutani, akaomba nyundo, na mahali pale ambapo meza isingetakiwa kuvuka akapigilia kigingi.

Saa tatu Bwana Kapinga alifika. Akakuta meza moja, chai inachemka, na hakuna ugomvi. Akaandika jina kwenye kibali, na akashangaa kidogo kwamba jina hilo hilo liko juu ya kichwa chake. Kisha akakiona kigingi, akauliza nani amekipigilia.

"Mimi, bwana afisa," alisema Nyamizi. "Safari hii kwa makusudi."

Akapandisha beseni lake kichwani. Lusajo akachukua boksi lake la sindano na gundi. Wakaenda wote wawili nyuma ya ghala, kwenye soko zuri lenye maji na choo, na Sikudhani akawatazama mpaka walipopinda kona, birika likiwa mkononi mwake na mteja mbele yake akingoja kumiminiwa.

Hayo ndiyo yaliyoamuliwa, na hao ndio walioyatekeleza. Meza iko pale mpaka leo, na kigingi kiko pale. Lakini uamuzi ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine, na mimi ninapopita chini ya ngazi zile mguu wangu hupunguza mwendo kama wa watu wote, nami hujiuliza lile lile. Mmoja alileta kituo kwa kuwepo tu, kisha akaondoka. Mmoja alileta ngazi kwa jasho, lakini jasho hilo lilimnufaisha. Mmoja alileta nafasi kwa kosa, kisha akalikiri kosa lake pale ambapo angeweza kunyamaza.

Sasa nimelitua, ni lenu. Ninyi mngekuwa wa kwanza chini ya ngazi alfajiri ile, je, nani alistahili?